Kubadilisha ramani wakati kibali kishatoka: nyota 4 kwa hawa wasanifu

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: hii ofisi ya wasanifu majengo, kazi ya kurekebisha ramani iliyokwisha pata kibali cha ujenzi wanaijua vizuri sana, shida yao ni kwenye hela, hawasemi yote mapema.

Sisi kibali kilikuwa mkononi na msingi ushapanda ndo tukataka mambo matatu, ukuta wa jikoni utoke, dirisha la ngazi lihamie upande wa jirani, na kibaraza cha nyuma kisogee nje kidogo. Fundi akasema hayo madogo tu bosi, tunamalizana hapahapa saiti. Msanifu yeye akaitandaza ramani akapita kimoja kimoja. Ukuta kwa upande wa kibali hauna neno maana nyumba kwa nje iko vilevile, ila ndo unaobeba slabu, ile sakafu ya zege ya juu, kwa hiyo hautoki kwenye ramani mpaka injinia apige hesabu ya boriti ya kubeba badala yake. Dirisha ambalo sisi tuliliona si chochote ndo likawa na maneno, kisa linachungulia kwa mtu. Na kibaraza kinakula umbali wa kutoka mpakani ulioandikwa kwenye kibali chenyewe, hapo si rekebisho tena, hapo unaomba kubadilishiwa sharti.

Wangetaka kutula hela wangetuombea yote na sisi tungelipa tu. Wakatushauri kibaraza tuachane nacho, na dirisha liwekwe kioo cha ukungu na sehemu ya chini isifunguke, halafu ombi likaenda kama badiliko dogo. Tofauti ya muda si mchezo, England kwa mfano badiliko dogo kabisa linatakiwa lijibiwe ndani ya siku 28 lakini la kugusa masharti kawaida ni wiki 8, na hata ukikubaliwa ule muda wa mwisho wa kuanza ujenzi hausogei. Huku unasubiri, fundi kakaa na siku yake inahesabika.

Kilichonifurahisha zaidi ni ramani mpya. Kila kilichobadilika kimezungushiwa mstari kama wingu, na kona ya chini kuna herufi ya toleo na tarehe, hupotei. Halafu wakaja saiti wenyewe kukusanya karatasi za zamani, moja wakaikuta imebandikwa stoo nyuma ya mifuko ya saruji, na fundi alikuwa bado anapimia hiyohiyo!! Ofisi ngapi zinafanya hivyo, nyingi zinakutumia faili kwenye simu basi, kazi imeisha kwao.

Nyota ya 5 nawanyima kwa sababu injinia analipwa pembeni na hatukuambiwa mpaka karatasi ya hesabu imeshatoka. Tena ile ramani ya mwisho ya kuonyesha jengo lilivyosimama kweli, ambayo utaihitaji ukienda kuomba cheti cha kukamilisha ujenzi, nayo ina bili yake. Sisemi ni ghali, kazi imefanyika, lakini mtu unapanga bajeti jamani. Ukienda kwao hayo mawili waambie wayaandike kabla hujalipa chochote, na mtumie meseji msanifu mwenyewe, pale mapokezi simu inaita mpaka inakata.