Steringi Ndiye Adui: Miaka Yangu na The Boys

Niliapa mara mbili kwamba sitaitazama tena tamthilia ya The Boys, na mara zote mbili nikarejea. Kiapo cha kwanza nilikila katika dakika za mwanzo za sehemu ya kwanza, pale kijana Hughie anapokuwa amesimama kando ya barabara ameshikana mikono na mpenzi wake Robin, mara mkimbiaji mwenye nguvu za ajabu aitwaye A-Train anapita katikati ya mwili wa yule msichana kwa kasi isiyoonekana, na Hughie anabaki ameshika mikono miwili isiyo na mwenyewe. Nilikuwa na sahani ya mbaazi mapajani. Nilizima televisheni, nikaifunika sahani, na wiki nzima sikutaka kusikia habari za tamthilia hiyo.

Aliyenirejesha ni mdogo wangu, ambaye alikuwa ameumaliza msimu wa kwanza kwa siku mbili, na ambaye hadi leo anashikilia kwamba haijatengenezwa tamthilia ya kuishinda hii. Ami yangu, baharia mstaafu aliyekuwa akikaa nasi mtaa wa Tudor, Mombasa, miezi ile, alivumilia nusu saa, kisha akachukua kiti chake akatoka barazani, akisema kwamba heri mbu. Wifi yangu ni muuguzi, na yeye alicheka mahali ambapo watengenezaji walikusudia watu waogope, kwa hoja kwamba mwili wa binadamu haupasuki kama tungule iliyokanyagwa. Nimewasikiliza wote watatu kwa muda wa miaka mitano na misimu minne ya mwanzo, yaani sehemu 32 kwa jumla, na hakuna hata mmoja ninayekubaliana naye moja kwa moja.

Kwa asiyeijua, hadithi imetokana na vibonzo vya Garth Ennis na Darick Robertson vilivyoanza kuchapishwa mwaka 2006, na aliyeigeuza kuwa tamthilia ni Eric Kripke, ikaanza kuonyeshwa kwenye Prime Video, huduma ya Amazon ya kutazama filamu mtandaoni, mwezi Julai 2019. Mashujaa wenye nguvu za ajabu wapo kweli katika ulimwengu huo, lakini ni mali ya kampuni iitwayo Vought, ambayo huwatangaza kama inavyotangazwa sabuni: ina watu wa kuwaandikia hotuba, wa kuwachagulia mavazi, wa kupima umma unawapenda kiasi gani, na wa kuwapelekea wafiwa karatasi ya kutia saini. Hughie mwenyewe analetewa karatasi ya namna hiyo pamoja na ahadi ya dola 45,000, mradi anyamaze kuhusu kifo cha Robin. Hata hizo nguvu, ambazo watu wameaminishwa kuwa ni majaliwa ya Mungu, zinatokana na dawa iitwayo Compound V ambayo mashujaa walidungwa wakiwa watoto wachanga. Mkubwa wao ni Homelander, anayeigizwa na Antony Starr, na anayemwinda ni Billy Butcher, anayeigizwa na Karl Urban. Waigizaji wote wawili ni wa New Zealand, mmoja akijifanya Mmarekani na mwingine mtu wa London, na mimi nisingetambua kama nisingeambiwa.

Sisi tuliokulia Mombasa tulijifunza kutazama filamu kwenye vibanda vya video, tumebanana juu ya mabenchi, na sheria ya kwanza tuliyorithishwa na waliotutangulia ilikuwa kwamba steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, hafi. Steringi anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kuuliwa ndugu zake wote, lakini mwisho atainuka, na adui atapata haki yake. Ami aliijua sheria hiyo tangu enzi za sinema za Regal na Naaz. Basi ukimketisha mtu kama yeye mbele ya The Boys, mwenye joho la bendera, nywele za dhahabu na uwezo wa kuruka angani ndiye anayemtambua mara moja kuwa steringi, na inapodhihirika kwamba huyo ndiye muuaji mkubwa kuliko wote, huku anayepigana naye akiwa mlevi mwenye matusi ambaye naye anaua bila kupepesa jicho, mtazamaji huyo hana pa kushika. Nilimuuliza ami kilichomtoa sebuleni, nikidhani atanitajia damu. Alinijibu, “Mwanangu, hapa hamna wa kumuombea dua.”

Nadhani jibu hilo linaeleza ugomvi wa watazamaji kuliko hesabu yoyote ya maiti. Damu ni nyingi, sikatai. Hata hivyo, tukio lililonikosesha usingizi kuliko yote halionyeshi damu nyingi, na kwa bahati mbaya nililitazama kinyumenyume. Msimu wa kwanza nilinakiliwa kwenye flashi katika duka moja la filamu, na mwenye duka, sijui kwa haraka au kwa kutojali, aliitanguliza sehemu ya tano kabla ya ya nne. Kwa hiyo nilimwona kwanza Homelander mbele ya umati wa waumini akihutubia kwa uchungu kuhusu abiria waliokufa ndani ya ndege iliyotekwa. Nilikwishajua kwamba si mtu mwema, lakini katika jambo hilo nilimwamini. Nilidhani alijitahidi akashindwa. Ndipo nikafungua faili iliyofuata nikamkuta ndani ya ndege yenyewe, akiua watekaji, akiharibu mitambo ya kuongozea ndege kwa miale ya macho yake, kisha akikataa kuokoa hata watoto wawili au watatu, kwa sababu wakiokoka watasema alichokifanya. Abiria wanamsogelea wakimsihi, naye anawatishia kuwaunguza.

Nililitazama tukio hilo mwanzoni mwa Oktoba 2019, siku ambazo Mombasa nzima ilikuwa ikisubiri kuopolewa kwa gari lililoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni na kuzama likiwa na watu wawili, kazi iliyochukua karibu wiki mbili. Kila tulipokwenda watu walikuwa wakizungumzia jambo moja tu, jinsi umati ulivyosimama ukitazama maji bila la kufanya. Silinganishi msiba wa kweli na mchezo wa kuigiza. Ninachosema ni kwamba nilielewa usiku ule kwa nini Starr anasifiwa: katika uso wake mna tabasamu la mtu anayejua kwamba kamera zinamsubiri ufukweni, na macho ya mtu anayepiga hesabu. Hakuna kichwa kinachopasuka katika tamthilia yote kilichonitia hofu kama macho yale.

Misimu iliyofuata haikulinda kipimo hicho. Katika msimu wa pili, Butcher anaendesha boti ya kasi na kuipenyeza ndani ya tumbo la nyangumi pwani, kisha watu wanatoka humo wamelowa damu kutoka utosini hadi unyayoni. Waandaaji walijenga umbo la nyangumi huyo hasa, badala ya kuiachia kompyuta kazi yote. Mdogo wangu aliirudisha nyuma mara nne. Ami, aliyekuwa akipita kuelekea jikoni, alisimama akatazama, akauliza nyangumi amekosa nini, na mimi sikuwa na jibu. Hapo ndipo ninapoachana na mdogo wangu. Kifo cha Robin kinaendelea kuishi ndani ya Hughie kwa misimu yote, kinambadilisha, kinamfanya aue. Kifo cha yule nyangumi kinaisha pale pale kicheko kinapoisha. Kadiri miaka ilivyokwenda, vifo vya aina ya pili viliongezeka, na kila msimu ulionekana kutafuta kuupita uliotangulia kwa uchafu. Sehemu ya kwanza ya msimu wa tatu ina tukio la mtu anayeweza kujipunguza mwili, na siwezi kulieleza hapa kwa heshima ya wasomaji.

Hata hivyo, mtu akitaka kujua ubora wa tamthilia hii kwa kutazama idadi ya nyota za watazamaji atapotoka. Msimu wa pili ulipoanza tarehe 4 Septemba 2020, zilitolewa sehemu tatu kwa pamoja na zilizobaki zikawa zinatoka moja moja kila wiki, tofauti na msimu wa kwanza uliotolewa wote kwa siku moja. Watazamaji wengi walikasirika, wakaingia kwenye ukurasa wa Amazon wakaupa nyota moja, ilhali lalamiko lao lilikuwa la ratiba. Kripke alieleza kwamba uamuzi huo ulikuwa wa waandaaji wenyewe, ili watu wapate nafasi ya kujadili. Msimu huo huo ndio ulioipatia tamthilia uteuzi wa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka 2021. Binafsi nilifurahia kusubiri, maana ilinipa siku saba za kusahau harufu ya damu, ikiwa damu ya kwenye kioo ina harufu.

Kuna usiku mmoja wa mwaka 2022 ambao bado tunautaja nyumbani kwetu. Msimu wa tatu unamalizika Homelander akiwa amesimama na mwanawe Ryan mbele ya wafuasi wake, na mpinzani mmoja katika umati anarusha kitu kinachompiga yule mtoto. Homelander anamgeukia na kumpasua kichwa kwa miale ya macho hadharani, mchana kweupe. Umati unanyamaza. Nilitarajia wakimbie. Kisha mtu mmoja anaanza kushangilia, wa pili anafuata, na hatimaye wote wanapiga kelele za furaha, huku mtoto akianza kutabasamu. Wakati huo huo, sebuleni kwetu, mdogo wangu naye alikuwa amepiga kofi moja kubwa na kusema, “Amemmaliza!” Alijisikia mwenyewe. Mikono ilibaki hewani, akaishusha polepole, na hakuna aliyemcheka. Wifi yangu aliinuka akaenda kukoroga chai.

Sijawahi kuona tamthilia nyingine ikimshika mtazamaji wake hivyo. Kripke amesema wazi kwamba Homelander amechorwa kwa kumfikiria Donald Trump, na bado wapo Wamarekani waliochelewa sana kugundua kwamba wanachekwa wao, wakakasirika walipogundua. Wengine walimshabikia Homelander kwa dhati tangu mwanzo, kwa sababu ile ile ya kibanda cha video: amevaa kama steringi, anaongea kama steringi, basi ni steringi. Msimu wa nne, ulioanza Juni 2024, ulisema siasa zake waziwazi zaidi, na pengo kati ya wahakiki walioupongeza na watazamaji waliouponda likawa kubwa. Baadhi ya waliouponda walikuwa na chuki ya kisiasa tu. Lakini siko tayari kuwaweka wote katika kapu hilo, kwani mimi mwenyewe niliuona msimu huo ukiwa mzito na wenye kutangatanga, wahusika wengi wakipewa machungu ya utotoni ambayo hayakuisogeza hadithi mbele hata hatua moja.

Kiapo cha pili nilikila hapo. Katika sehemu ya sita, Hughie anajikuta katika chumba cha chini cha tajiri mmoja mwenye joho, akifanyiwa udhalilishaji wa kimwili ambao hakuukubali, na tukio hilo limeandikwa kama kichekesho. Wifi yangu, aliyekuwa amecheka misimu mitatu kwa tungule zake, hakucheka. Alisema amewahi kuwahudumia vijana wa kiume walioletwa usiku wakiwa wamefanyiwa hivyo, na kwamba hakuna hata mmoja aliyeletwa na mtu anayecheka. Aliacha kutazama siku ile na hajarudi. Watazamaji wengi kwingineko walilalamikia jambo hilo hilo, na katika hili nasimama nao bila kusita: waandishi waliojua kuufanya udhalilishaji wa mwanamke kuwa jambo zito katika msimu wa kwanza, kupitia shujaa wa kike Starlight, walipaswa kujua kwamba mwanamume naye huumia.

Nilirejea kwa ajili ya sehemu ya mwisho tu, iliyotoka tarehe 18 Julai 2024, siku chache baada ya Trump kupigwa risasi mkutanoni Pennsylvania. Ilibidi jina la sehemu hiyo libadilishwe, na onyo likawekwa mwanzoni, kwa kuwa ilikwisha kurekodiwa ikiwa na njama ya kumuua rais mteule.

Kuhusu huduma yenyewe sina mengi. Baada ya mkasa wa flashi nilijiunga rasmi, na picha ni safi, sehemu zimepangwa kwa utaratibu wake, na intaneti yetu ya Tudor huimudu isipokuwa jioni mtaa mzima unapokuwa mtandaoni. Mwenye watoto nyumbani aweke namba ya siri siku hiyo hiyo anapojiunga, kwa sababu mtoto akiona picha ya mtu mwenye joho atadhani ni katuni yake, na sehemu ya kwanza haimpi mzazi hata muda wa kutoka jikoni. Wala nisingemshauri mtu aitazame mbele ya wakwe.

Ningeulizwa, ningeupa msimu wa kwanza nyota tano, na wa nne mbili na nusu, nusu hiyo ikiwa ya Antony Starr peke yake. Kripke alitangaza mwaka 2024 kwamba msimu wa tano ndio wa mwisho. Mdogo wangu alianza kuuhesabia siku tangu hapo. Wifi yangu hataki kusikia. Ami alirudi kwake Likoni zamani, lakini kila nikienda kumtembelea huniuliza kama yule wa bendera bado yu hai, na ameniagiza nimpigie simu usiku atakapouawa, ili avuke aje kutazama dakika hizo, na hizo tu.