Bili kutoka pauni 38 hadi pauni 10 bila kuhama mtandao: uzoefu wangu Uingereza

Mkataba wangu wa simu ulipokaribia mwisho nilikuwa nalipa pauni 38 kwa mwezi. Sasa nalipa pauni 10. Mtandao ni uleule, namba ni ileile, na simu mkononi ni ileile. Nilipiga simu, nikazungumza nao kwa adabu, wakashusha. Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu zangu tunaoishi huku Uingereza, hasa waliokuja miaka ya karibuni kufanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee, kwa sababu kila tukikaa tukapiga hesabu za mwezi nasikia bili za simu zinazonisikitisha.

Hizo pauni 38 zilikuwa za nini? Nilichukua simu kwa mkataba wa miezi 24, bili moja: humo mna bei ya simu yenyewe, na mna dakika, meseji na data. Miezi 24 ikitimia, simu umeshaimaliza kulipa, ni mali yako. Lakini katika mikataba ya aina hii, ambayo bei ya simu haikutenganishwa na bei ya huduma, ukinyamaza unaweza kuendelea kukatwa kiasi kilekile benki mwezi baada ya mwezi. Yaani unailipia simu mara ya pili. Nasema wazi kwamba jambo hili haliniridhishi hata kidogo, na silioni kuwa ni halali kimaadili hata kama limeandikwa kwenye mkataba.

Wala si malalamiko yangu peke yangu. Mwaka 2018 shirika la Citizens Advice, lile linalotoa ushauri wa bure kwa wananchi, lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani kuhusu wateja wa siku nyingi kutozwa zaidi ya wateja wapya. Lilitaja maeneo matano: simu za mkononi, intaneti ya nyumbani, bima ya nyumba, mikopo ya nyumba na akaunti za akiba. Makadirio yao ni kwamba wateja walikuwa wakipoteza zaidi ya pauni bilioni 4 kwa mwaka. Tangu Februari 2020 Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano huku, inazilazimisha kampuni kumjulisha mteja kati ya siku 40 na siku 10 kabla ya mkataba wake kuisha: unaisha lini, utalipa kiasi gani ukikaa kimya, na bei zao nzuri kwa sasa ni zipi, pamoja na zile wanazowapa wateja wapya.

Taarifa hiyo inakuja kwa meseji au barua pepe na inafanana sana na matangazo yao mengine, ndiyo maana wengi wanaifuta bila kuisoma. Ukiipata, isome mpaka mwisho. Mimi yangu ndiyo iliyonipa nguvu, kwa sababu ilikiri yenyewe kwamba mteja mpya wa laini tupu, yaani laini bila simu, angelipa chini ya nusu ya bili yangu.

Nimejiuliza sana kwa nini sisi tunaotoka Afrika Mashariki tunanyamaza mbele ya kampuni hizi. Mtu aliyezoea Kariakoo hanunui hata jozi ya viatu bila kuuliza bei ya mwisho. Akiona haishuki, anaanza kuondoka, na hapo ndipo anaitwa. Huyohuyo akifika hapa, bei ikishaandikwa kwenye tovuti yenye nembo kubwa, anaamini haigusiki. Pia nyumbani wengi hatukuzoea mikataba. Tunaweka vocha, tunanunua bando, bando likiisha tunanunua jingine au tunaweka laini nyingine kwenye simu. Hakuna wa kubishana naye. Huku kuna mtu wa kubishana naye, tena kampuni zimeweka kitengo kizima kwa ajili hiyo, cha kuzungumza na wateja wanaotaka kuondoka. Mhudumu wa kwanza anayepokea simu mara nyingi hana mamlaka ya kushusha bei sana. Wa kitengo hicho anayo.

Kabla ya kupiga nilitazama kwanza ninatumia nini. Kwenye programu ya kampuni kuna sehemu inayoonyesha matumizi ya miezi iliyopita, na yangu hayakuwahi kufika gigabaiti 10 kwa mwezi. Nyumbani natumia Wi-Fi, kazini pia ipo. Kisha nikatafuta bei za nje, yaani za mitandao mingine ya hapahapa. Uingereza majina ya mitandao ni mengi lakini minara ni ya wachache: giffgaff na Tesco Mobile hutumia minara ya O2, VOXI ya Vodafone, SMARTY na iD Mobile ya Three. Ukilijua hilo huogopi tena jina dogo, kwa sababu unajua minara yake ni ya nani. Nikapata gigabaiti 20 kwa pauni 8, mkataba wa mwezi mmojammoja. Nikaipiga picha ya skrini yenye tarehe.

Cha tatu ndicho nakiona kuwa silaha hasa. Tangu Julai 2019, ukituma neno PAC kwenda 65075 kutoka kwenye laini yako, bila malipo, wanatakiwa kukujibu ndani ya dakika moja. Jibu linakupa namba ya siri ya kuhama na namba yako, inayofanya kazi kwa siku 30, na linakueleza kama unadaiwa chochote ukiondoka leo. Kuomba PAC si kuhama. Usipoitumia, siku 30 zikipita inakufa na wewe unabaki ulipo. Ila usikatishe mkataba wako mwenyewe ukidhani unarahisisha mambo, kwa maana namba inaweza kupotea. Mtandao mpya ukishapewa PAC, ule wa zamani unafungwa wenyewe. Na kama hutaki kufika huko, unataka tu kujua hali ya mkataba wako, tuma INFO kwenda 85075.

Mimi nilituma PAC kwanza, ndipo nikapiga.

Mhudumu wa kwanza alikuwa kijana mwenye heshima. Aliona mkataba unaisha, akaanza kunisifia simu mpya zilizotoka. Nikamwambia simu yangu ni nzima, sitaki nyingine, nataka laini tupu ya gigabaiti 20 na nimeshaiona kwa pauni 8.

"Kwa kuwa umekaa nasi muda mrefu, naweza kukupa data isiyo na kikomo kwa pauni 22."

"Nashukuru. Lakini natumia chini ya gigabaiti 10. Sihitaji kuongezewa, nahitaji bei ishuke."

Hapa ndipo watu wengi hukubali, na nawaelewa. Kutoka pauni 38 hadi 22 ni nafuu ya kweli, na neno "isiyo na kikomo" linapendeza masikioni. Lakini hesabu yao ni kukujazia vitu ili bei ibaki juu. Baada ya data alinitajia huduma ya kutazama filamu, kisha matumizi ya simu nikiwa Ulaya. Mimi nikisafiri naenda Tanga, siendi Hispania. Nilimwambia hivyo kwa upole, tena nikamwambia kwamba PAC ninayo tayari, na kwamba ningependa kuzungumza na kitengo cha wanaohama. Akashuka hadi pauni 16. Nikarudia ombi langu. Akaniunganisha.

Mama aliyepokea huko alizungumza tofauti kabisa. Hakunitajia simu wala filamu. Aliuliza maswali mawili tu: nimeona bei gani, na ya kampuni gani. Nikamjibu ukweli, na ningemshauri kila mtu asidanganye hapa, kwa sababu bei zote wanazo mbele yao. Akatoa pauni 12. Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa hila, nilikuwa napiga hesabu kama pauni 4 zaidi ya kule nje zinafaa. Kabla sijajibu akasema, "Nikifanya 10 kwa miezi 12, utabaki?"

Nilibaki, ingawa kule nje ilikuwa pauni 8, na sababu ni moja: jengo ninalofanyia kazi lina kuta nene na mawimbi hayaingii vizuri, lakini mtandao wangu unaruhusu kupiga simu ya kawaida kupitia Wi-Fi. Si kila kampuni ndogo inatoa huduma hiyo kwa kila aina ya simu. Mama yangu mzazi anatumia kitochi, akinipigia anapiga namba ya kawaida, na zamu zangu ni ndefu. Pauni 2 kwa mwezi ili simu yake iniite hata nikiwa ghorofa ya chini, sioni kuwa nimeibiwa.

Kabla ya kusema ndiyo niliuliza kuhusu Aprili. Kampuni nyingi hupandisha bei kila mwaka majira hayo, hata katikati ya mkataba. Mwaka 2023 baadhi ya mitandao mikubwa ilipandisha kwa asilimia 14.4, kwa sababu mikataba ilifungamanishwa na mfumuko wa bei na juu yake wakaongeza asilimia 3.9. Kwa mikataba mipya kuanzia tarehe 17 Januari 2025 hilo limepigwa marufuku: ongezeko lazima litajwe kwa pauni na peni tangu mwanzo. Kwa hiyo uliza, "Aprili nitalipa kiasi gani?" na usikubali jibu la jumlajumla. Pauni moja na nusu juu ya bili ya 38 huioni sana. Juu ya bili ya 10 ni asilimia 15.

Nikaomba pia muhtasari wa mkataba kwa barua pepe kabla ya kuthibitisha. Hii ni haki yako tangu Juni 2022, si fadhila. Nilikaa kwenye laini nikausoma: bei, muda, gigabaiti, ongezeko. Vyote vilikuwa kama tulivyozungumza. Na kwa kuwa makubaliano yamefanyika kwa simu, una siku 14 za kubadilisha mawazo.

Kuhusu huduma yenyewe, nitasema nilivyoiona. Kitengo cha wanaohama nakisifu: wazi, haraka, bila kuzungushana. Kusubiri kabla ya kufika kwake kunachosha, na ule muziki wao wa kusubirisha ni adhabu, hivyo piga asubuhi siku ya kazi, siyo jioni watu wote wametoka makazini. Njia ya kuandikiana kwenye programu niliijaribu kwanza na sikuipenda. Majibu ya mwanzo ni ya mashine, na hata nilipofika kwa binadamu bei aliyonipa ilikuwa juu kuliko ya kwenye simu. Faida yake ni kwamba maandishi yanabaki. Kwa asiyejiamini kwa Kiingereza cha kuzungumza inaweza kumfaa, mradi asikubali ofa ya kwanza. Wala lafudhi isikutie hofu kwenye simu. Sentensi zinazohitajika ni chache na zote nimeziandika hapo juu.

Kama unafanya kazi NHS, yaani hospitali za serikali, au kwenye huduma za kulea wazee, kuna kadi ya punguzo iitwayo Blue Light Card, pauni 4.99 kwa miaka miwili, na baadhi ya mitandao hupunguza bei kwa wenye kadi hiyo. Uliza kabla ya kufunga mazungumzo, maana punguzo hilo huenda lisichanganyike na bei waliyokupa ili ubaki. Linganisha uchukue iliyo chini. Na anayepokea Universal Credit, ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, aangalie vifurushi vya bei ya chini vilivyotengwa kwa ajili yake, VOXI na SMARTY wamewahi kuwa navyo.

Aliye katikati ya mkataba hali yake ni ngumu zaidi, sitamdanganya. PAC atapewa, lakini jibu litakuja na deni la miezi iliyobaki, na mhudumu analiona deni hilo kama wewe unavyoliona. Kinachowezekana hapo ni kuomba kifurushi kidogo zaidi ndani ya mkataba uleule. Kampuni nyingine hukubali, nyingine hukataa.

Shemeji yangu wa Leicester alipoona bili yangu aliomba PAC, kisha akapiga kwa mtandao wake wiki hiyohiyo. Alikuwa anatoa pauni 31 na mkataba ulikwisha zamani. Walimwambia hawawezi kushuka chini ya 20, na hata kitengo cha wanaohama kilishikilia hapo.

"Shemeji, sasa nifanye nini, niwabembeleze?"

Nikamwambia PAC anayo, aitumie. Alinunua laini ya kampuni nyingine kwa pauni 9, akawapa ile PAC mchana, na kesho yake namba yake ikawa inaita kwenye laini mpya. Ile kampuni ya zamani ilimpigia jioni yake ikiwa na ofa ya pauni 11. Akawaambia asante, ameshahama.