Mafunzo walinipa mazuri, kisha wakaniita mchakachuaji mbele ya watu

Jina la programu silitaji. Ni moja katika hizi zinazokusanya wenye biashara ndogondogo wa Pwani wafunzwe, kisha majaji wachague wa kupewa mtaji. Mimi hutengeneza mafuta ya nazi, Likoni. Nazi nachukua kwa watu wa Kwale, tunakuna, tunakamua tui, linalala usiku kucha, asubuhi tunaengua mafuta yaliyoelea. Moto hayaujui.

Mafunzo yenyewe, haki ya Mungu, niliyafurahia. Mwalimu wa hesabu alitukalisha tukapiga gharama mpaka ya kizibo cha chupa na ujira wa anayekuna. Hata chicha ninayowauzia wafuga kuku aliniambia niiandike. Kwa ajili yake peke yake ningewaambia nendeni.

Siku ya majaji ndiyo iliyoharibu yote. Tuliwekwa tangu asubuhi kwenye chumba cha AC, baridi mpaka kina mama wakajifunika leso. Chupa zangu ziko mezani. Naitwa, mafuta yameshaganda, meupe pe. Jaji mmoja, kijana wa suti, akaichukua chupa, akaipindua kichwa chini, hayakutoka. Akaniuliza mbele ya ukumbi mzima: "Mama, hapa umechanganya na nini? Kimbo?" Yaani yale mafuta mazito ya kupikia ya dukani. Watu wakacheka.

Jamani! Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mtoto yeyote aliyelelewa Pwani ameyaona asubuhi za Julai yamekuwa magumu, mamake akayaanika juani. Nikamweleza. Nikaomba maji ya vuguvugu tutumbukize chupa ajionee yakiyeyuka. Akatazama saa. "Muda wako umekwisha." Sikuwahi hata kusema nililolijia: mashine ya kukunia, na usaidizi wa kupata nembo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, maana bila ile nembo supamaketi haikupi nafasi kwenye rafu.

Na hawa ndio wanaotwambia watafufua viwanda vya Pwani! Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilifungwa, cha sukari cha Ramisi kikafa mwishoni mwa miaka ya 1980. Nazi bado tunayo, na anayeihukumu hajui inavyoganda. Neno la kuchanganya si dogo kwa anayeuza chakula. Kuna mwenye duka wa Mwembe Tayari alikuwa mle ukumbini, na tangu siku ile anasitasita kuchukua mzigo wangu.

Nilikaa kuandika nikitaka kuwapa nyota tatu, kwa sababu ya yule mwalimu. Kila nikikumbuka kile kicheko nashuka. Iwe moja. Anayetaka mafunzo tu aende, mtaji asiutegemee. La, hata mafunzo msiende, mpaka waweke jaji anayeijua nazi. Juzi juzi wamenitumia ujumbe wa kunialika awamu nyingine. Nimewajibu nitakuja wakiniomba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Mpaka sasa kimya.