Wamemkata Forever vipande vipande: uzoefu wangu wa kusoma Lazarus kwenye simu

Nyota mbili, na zote mbili ni za Greg Rucka aliyeandika komiki ya Lazarus na Michael Lark aliyeichora. Programu niliyonunulia juzuu hizi haistahili hata nusu nyota. Jina lake silitaji, maana ugonjwa huu uko kwenye programu nyingi za kusomea komiki kwa simu, na aliyewahi kuumizwa na mojawapo ataelewa nasema nini.

Naanza na toleo la 15 (matoleo kadhaa hukusanywa kuwa juzuu moja), kwa sababu hasira yangu inakaa hapo. Kwa ambao hawajausoma msururu huu: dunia imegawanywa na familia 16 tajiri, serikali tulizozijua hazipo, na akina Carlyle wanaoshika magharibi mwa Marekani wana mpiganaji wao anayeitwa Lazarus wa familia. Huyo ni Forever. Anapigwa risasi, anaanguka, anainuka. Katika toleo hilo la 15, mwishoni mwa juzuu ya tatu, Conclave, anasimama na upanga mbele ya Sonja Bittner, Lazarus wa familia nyingine, na pambano lao limechorwa karibu bila neno hata moja. Kila kitu kimewekwa kwenye miili: mguu wa nyuma umekanyaga wapi, bega limegeukia upande gani, upanga uko juu ya kiuno au chini yake, na zaidi ya yote, umbali kati ya wale wawili. Umbali ukipungua, moyo unapanda. Lark hakuhitaji maneno kwa sababu ukurasa mzima ndio unaosema.

Sasa programu ikaamua kunionyesha fremu, yaani visanduku vya picha vya ukurasa, moja moja. Kuiomba sikuiomba. Hali hiyo huja ikiwa imeshawashwa, na kitufe chake kimefichwa ndani ya mipangilio, chini ya maneno mengine yasiyohusiana nacho kabisa.

Nieleze kwa nini huu ni uharibifu, maana wapo watakaosema nakuza mambo. Kwenye ukurasa wa pambano, ukubwa wa fremu ndio saa. Fremu pana inayokwenda kutoka ukingo hadi ukingo inakusimamisha, unavuta pumzi, unamwona kila mmoja amesimama wapi. Fremu nyembamba zilizobanana zinakukimbiza. Lark anapenda sana fremu pana za mlalo, na anapozivunja ghafla kuwa ndogo unajua pigo linakuja kabla hujaliona. Hali ya fremu moja moja inazikuza zote hadi zijaze skrini. Nyembamba na pana zinakuwa sawa. Mwendo wote umekufa hapo, na picha zilizobaki ni kama za pasipoti, watu wawili wenye panga wamekunja nyuso.

Halafu kuna kufungua ukurasa. Mchoraji mzuri huliweka tishio kwenye fremu ya mwisho ya ukurasa wa kulia, na jibu lake nyuma ya karatasi. Kidole chako kinapofunua unashiriki kwenye pigo. Kwa fremu moja moja, kila kutelezesha kidole ni sawa na kwingine, na hujui tena ukurasa umeishia wapi.

Kibaya kuliko vyote ni pale programu inapokosea kukata. Inatafuta mfereji, ile nafasi yenye rangi moja inayotenganisha fremu na fremu, ikitegemea uwe mstari ulionyooka. Picha ikimwagika hadi ukingo wa karatasi, au fremu ndogo ikikaa ndani ya kubwa, au mfereji ukiwa mweusi na picha nayo ya usiku, inababaika. Inaunganisha mbili zisizohusiana au inapasua moja katikati. Sonja akakatwa kichwa na ukingo wa skrini. Upanga ukabaki unaning'inia hewani bila mkono. Pigo ambalo juzuu nzima ililiandaa nililiona nusu, kisha nusu ya pili ikaja baada ya fremu ya jibu lake, yaani jeraha lilitangulia upanga!

Huduma kwa wateja wakanijibu kwamba kurasa zote zipo, hakuna picha iliyopotea, na kwamba nijaribu kuongeza mwanga wa skrini. Mwanga! Hilo ni jibu la mtu ambaye hajafungua alichokiuza. Ni kumuuzia mtu kanga iliyokatwa vipande kisha umwambie asilalamike: pindo lipo, mji upo, jina lipo. Vyote vipo, lakini kanga haipo.

Basi nitoe msaada ambao wao walishindwa kuutoa. Kwanza, kabla ya kufungua toleo lolote, ingia kwenye mipangilio ya usomaji na uchague ukurasa mzima. Ukizima hali ya fremu ukiwa ndani ya toleo, baadhi ya programu huirudisha ukifungua toleo linalofuata, kwa hiyo hakikisha umeizima kwenye mipangilio mikuu. Pili, funga mzunguko wa skrini, la sivyo kila ukijigeuza kitandani ukurasa unajipanga upya na kukurudisha juu. Tatu, pakua toleo zima kwa ubora wa juu kabisa kabla ya kuanza. Ukisoma huku linashuka, hasa bando likiwa dhaifu, programu hukuletea picha zilizopunguzwa, na ukivuta ili usome maandishi yanavimba na kuwa ukungu. Picha yenye upana wa pikseli 1,900 au zaidi inavutika vizuri. Chini ya 1,000 usihangaike nayo.

Hata ukifanya hayo yote, hesabu ya skrini haikubembelezi. Ukurasa wa komiki ya Kimarekani una upana wa karibu sentimita 17 na urefu wa 26. Simu ya inchi 6.5 ina upana wa karibu sentimita 6.8. Unausoma ukurasa kwa asilimia 40 ya ukubwa wake, na herufi zilizokuwa na kimo cha milimita 2 zinakuwa chini ya 1. Zile picha zinazobeba kurasa mbili ndizo zinazoumia zaidi: ukilaza simu, zinashuka hadi karibu robo ya ukubwa wa karatasi. Kishikwambi cha inchi 10 kinakupa takriban asilimia 80, na hapo Lark anarudi kuwa Lark. Kama huna, azima. Nasema kweli, azima hata kwa jioni moja, usome Conclave peke yake.

Na ule ushauri wa mwanga ni mbaya hata kwa haki yake. Rangi za Santi Arcas zimefifishwa makusudi: kijivu, kahawia, bluu ya alfajiri, na damu inapotokea inaonekana kwa sababu kila kitu kingine kimenyamaza. Ukipandisha mwanga hadi mwisho, vivuli vinapauka na usiku unakuwa jioni. Kilicho muhimu ni kuzima ile hali ya usiku inayotia skrini rangi ya manjano, kuzima mwanga unaojibadilisha wenyewe, na kusoma pasipo taa kali juu ya kioo.

Nimeandika hadi hapa nikiwa nimeamua nyota zibaki mbili. Lakini kila ninaporudi kwenye toleo la kwanza mkono unasita. Forever analala chini akiwa amepigwa risasi na watu watatu walioingia kutafuta chakula. Anainuka, anawaua wote. Kisha kile kitendo kinamkaa. Anakwenda kwa daktari wake akiwa na uzito ambao hakulelewa kuwa nao, na familia inaujadili uzito huo kama fundi anavyojadili mashine inayotoa mlio. Kurasa chache tu, na umeshajua kila unachopaswa kujua: shujaa huyu mwenye upanga ni mali ya watu.

Ndiyo maana siwaelewi wasomaji wanaosema Forever ni baridi, kwamba hawezi kupendwa. Jamani, mtazameni tena. Alifundishwa kuzuia uso wake usiseme chochote, na Lark anaufanya useme kupitia kope na taya tu. Juzuu ya pili, Lift, inamwonyesha akiwa mtoto kwenye mafunzo, akipigwa na kuambiwa arudie, na kando yake inasimulia wakulima wa familia ya Barret huko Montana waliopoteza kila kitu kwa mafuriko na kuanza safari ya kwenda Denver wakitumaini kuchaguliwa kuwa watumishi wa familia. Katika dunia hiyo kuna Familia, kuna watumishi wao, na waliobaki wote wanaitwa Takataka. Hilo ndilo jina lao rasmi. Sijakutana na neno moja linalofanya kazi nzito kama hiyo kwenye komiki nyingine. Umati unapokusanyika Denver na unajua watakaochukuliwa ni wachache mno, unasahau kabisa kwamba hiki ni kitabu cha mapigano.

Kwa hilo napandisha hadi nyota nne. Ya tano nainyima kwa sababu mbili, na ya kwanza nina hakika nayo kuliko ya pili.

Barua za wasomaji hazimo. Matoleo moja moja yalipoanza kutoka mwaka 2013, mwishoni mwake kulikuwa na kurasa za barua ambazo Rucka mwenyewe alizijibu, akizungumzia tiba, silaha, jeni, pengo la matajiri na maskini, na jinsi habari za kweli zilivyokuwa zinaikimbilia hadithi yake. Jalada la nyuma lilikuwa na matangazo ya kubuni ya zile familia, yamepambwa kama bidhaa halisi. Anayenunua juzuu za jalada laini hakuti mabishano hayo ya wasomaji, na kwangu hayo ni sehemu ya kitabu. Ukiweza kununua toleo moja moja, nunua hivyo, hata kama jumla inakuwa ghali zaidi.

Sababu ya pili ni kusubiri. Baada ya juzuu ya tano, Cull, mtiririko ulivunjika. Mwaka 2017 ukaja X+66, matoleo sita ya wahusika wa pembeni. Wengi wanayaruka haya, na wanakosea: Casey Solomon, aliyetoka kwenye Takataka, anapata toleo lake humo, na bila hilo hutaelewa amekuwaje. Soma X+66 baada ya Cull, kisha toleo la 27 na la 28, halafu Risen iliyoanza 2019. Risen ilikusudiwa kutoka kila robo mwaka, ikiwa nene, na ratiba hiyo haikushikika. Hapo nililaumu sana. Leo silaumu kwa nguvu ile ile, maana nikiangalia kurasa zenyewe naona kazi ya mkono isiyoweza kuharakishwa, na bora mchoraji achelewe kuliko anikabidhi pambano lililochorwa nusu usingizi. Pia natamani tungeiona zaidi Afrika. Familia ya Nkosi ipo kwenye orodha ya zile 16, lakini katika juzuu tano za mwanzo inapita tu.

Tuliozoea vibonzo vya gazetini, kama Juha Kalulu wa Taifa Leo, tunaweza kudhani fremu ni fremu. Kibonzo cha aina hiyo kinasomeka hata ukikata kwa mkasi, kwa kuwa kila kisanduku kimebeba hatua yake ya mzaha. Lark hajengi hivyo. Anaujenga ukurasa kama nyumba, na ukiondoa ukuta mmoja paa linashuka. Aliyeiunda ile programu hakulijua hili, na aliyenijibu kuhusu mwanga hakutaka kulijua.

Kwa hiyo: nyota tano kwa Lazarus, nimebadilisha, ile ya tano nimeirudisha. Sifuri kwa programu, na pesa yangu bado naidai. Ukifika mwisho wa juzuu ya tatu, funga kila kitu, hakikisha hali ya fremu imezimwa, simamisha kishikwambi wima, na usitelezeshe kidole hadi umeona miguu ya wote wawili imekanyaga wapi.