Huduma ya kukagua jengo la zamani kabla ya kununua: nawapa nyota 4 kati ya 5

Hii ni kwa wale mnaotaka kununua ghorofa la zamani la apatimenti mpangishe. Mi nilimchukua mkaguzi wa majengo kabla sijasaini chochote, na kusema ukweli hela niliyomlipa ndo imefanya kazi kuliko zote kwenye hili dili, hata ya wakili.

Jengo kwa nje liko poa kabisa, rangi mpya, taili mpya kwenye korido, wapangaji wamejaa. Muuzaji anakupigia kodi ya kila nyumba mara miezi 12 anakwambia hiyo ndo faida yako. Mkaguzi rangi hata hakuiangalia, akapanda moja kwa moja ghorofa ya juu akafungua koki ya jikoni, ya bafuni na ya sinki kwa mpigo afu akaflashi choo. Maji yakaanza kutoka kidogo kidogo tu. Kumbe mabomba ni yale ya chuma ya zamani, hayo yanaoza kwa ndani, kutu inajaa taratibu mpaka njia ya maji inabaki kama tundu la mrija na wewe kwa nje huoni kitu. Mara nyingi yanadumu miaka 40 hadi 50 hivi, kwa hiyo kwa umri wa lile jengo huzibi hapa na pale, unabadilisha yote, yaani unachimba kuta huku watu wanaishi humo humo.

Chini kwenye paking akawa anagonga nguzo na nyundo ndogo anasikiliza, penye mlio wa uwazi anaweka alama. Nondo zikishika kutu zinavimba, zege linapasuka na kumeguka. Akanielewesha kwamba ufa mwembamba wa plasta usikutishe sana, ila ufa unaofuata mstari wa nondo na una madoa ya kahawia, huo aitwe injinia. Kwenye umeme nyumba nyingi hazina waya wa ethi (ule wa kukukinga usipigwe shoti), na waya zenyewe ziliwekwa enzi za taa na redio, leo kila mpangaji ana hita ya maji, friji na pasi.

Ripoti ina picha na inatenganisha cha haraka na kinachoweza kusubiri, nikaiweka mezani mbele ya muuzaji na bei ikashuka, tena bila kelele.

Nyota moja nimewakata kwa sababu ripoti ilichelewa ikaja muda niliopewa wa kuamua umebaki kidogo sana, na pia hawakuingia kila nyumba, walichagua chache. Jengo la zamani halikaguliwi hivyo jamani, nyumba inayovuja inaweza kuwa ndo ile iliyofungwa, andikisheni kwenye mkataba kabisa kwamba zote zitafunguliwa.

Na mjue hawakagui mapato. Mikataba ya wapangaji, amana zao ziko wapi, nani ana deni la kodi, bili za maji nani analipa, hayo ombeni wenyewe na mlinganishe na taarifa za benki za muuzaji, sio karatasi aliyoichapa yeye. Kamera ya mabomba ya majitaka nayo inalipiwa pembeni, lipieni, mizizi ya miti inapenda sana kuingia kwenye maungio ya mabomba ya zamani na huko chini hakuna anayechungulia.