Kipimo cha unyevu nilichonunua kwa ajili ya pumu ya mwanangu

Mwanangu ana miaka 6 na ana pumu, mchana anacheza barazani mzima kabisa, akilala tu kifua kinaanza kupiga miluzi. Mie nlikuwa nalaumu vumbi, nafagia asubuhi na jioni. Daktari ndo akaniuliza kuhusu unyevu wa chumba, akanambia wale wadudu wa vumbi wa kwenye magodoro hawanywi maji, wanayavuta hewani, kwa hiyo chumba chenye unyevu ndo raha yao.

Basi nikanunua kipimo, kile kidogo cha betri kama saa ya mezani. Cha mwanzo kiliganda kwenye asilimia 52 hata nikitie bafuni, na dukani wakakataa kunirejeshea pesa. Hiki cha pili nikakijaribu kwanza, nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kizibo cha soda chenye chumvi iliyoroweshwa kwa matone ya maji, usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75, kikasoma 72, basi kila nikisoma naongeza 3.

Ukumbini, madirisha wazi, 68. Nyuma ya kabati la nguo chumbani kwa mtoto, 89! Tukalisogeza kabati, wallahi skuamini, ukuta umeota kuvu kuanzia chini mpaka kiunoni na lipu ukiigusa inamomonyoka kama mchanga. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, mawe na chokaa, na miaka ile tuliipiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta tukidhani tunaitengeneza, kumbe fundi anasema saruji inafungia maji ndani ya ukuta. Tumeikwangua yote tukarejesha chokaa, na godoro la sufi tumelitoa.

Kasoro ya kipimo, moshi hakiujui. Bibi yake mtoto alikuwa akifukiza udi chumbani kila Alhamisi usiku na namba haitikisiki, hilo tumeligundua kwa daftari tu, naandika kakohoa saa ngapi, yuko wapi, kumefanywa nini. Bibi mwenyewe alivyoona zile Alhamisi zimepangana akakihamishia chetezo uani.

Inhela anaendelea nayo kama daktari alivyosema. Ila masika haya kaamka usiku mara mbili tu, mwaka jana ilikuwa karibu kila siku nakaa naye kitandani mpaka adhana ya alfajiri.

Ukienda kununua kipimo, kipulizie pumzi palepale dukani, namba isipopanda kiache.