Pawabenki ya kurudi nayo nyumbani: ipi ununue kabla ya likizo

Wiki ya mwisho ya mitihani, maktabani hugombaniwa kitu kimoja tu: soketi. Ukichelewa dakika kumi, meza zote za ukutani zimeshakaliwa, na wewe umebaki katikati ya ukumbi na laptopu yenye asilimia 19 na kurasa arobaini za kupitia. Jioni unarudi chumbani unakuta mwenzako kachomeka pasi, wa pili kachomeka birika, na soketi ya tatu ilishaungua tangu mwezi wa kwanza wa muhula. Halafu mtihani wa mwisho unakwisha, unabeba mabegi, unaingia safari ya saa nane au kumi ukitegemea simu ile ile ambayo hujapata nafasi ya kuichaji.

Ndiyo maana kila muhula ukikaribia kufungwa, wenzangu wanaojua ninavyopenda vifaa vya umeme huniuliza swali moja: ninunue pawabenki gani? Nimelijibu mara nyingi kwa sauti kwenye korido, leo nimeamua kuliandika lote.

Nianze na kosa langu. Miaka miwili iliyopita nilinunua pawabenki iliyoandikwa 30000 mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri) kwa herufi kubwa za dhahabu. Niliichaji usiku kucha kabla ya safari ya likizo. Jua lilipokuwa linazama simu yangu ilikuwa na asilimia 6, nikaichomeka. Ilipanda hadi 28, kisha taa nne za bluu za pawabenki zikazimika zote kwa pamoja. Simu yenyewe ilizima kabla sijafika, tiketi ikiwa ndani yake, na namba ya mjomba aliyekuja kunipokea ikiwa ndani yake pia. Wiki ileile kile kitu kilianguka sakafuni, ganda likaachia. Ndani kulikuwa na betri moja ya duara, nene kama kidole gumba, na pembeni yake kifuko cha nailoni kilichojazwa mchanga na kubandikwa kwa gundi nyeupe. Mchanga uliwekwa ili mkono wa mnunuzi uhisi uzito.

Ile betri ya duara ina jina: 18650. Kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65, jina limetoka hapo. Betri za aina hii, lithiamu-ioni (zile zinazochajiwa tena), zimekuwa sokoni tangu 1991, Sony ndio waliotangulia, na kazi yake ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ajili yake. Pamoja na maendeleo yote hayo, 18650 iliyo bora kabisa huishia karibu na 3500 mAh, na uzito wake haufiki gramu 50. Sasa piga hesabu. Kufikisha 30000 unahitaji betri kama hizo tisa hivi, yaani zaidi ya gramu 400 kabla hujaweka ganda na saketi. Yangu yote kwa jumla, pamoja na mchanga wake, ilikuwa gramu 140 kwenye mizani ya jikoni. Kwa hiyo mizani inasaidia, ila kwa upande mmoja: pawabenki nyepesi kupita kiasi hakika inasema uongo, lakini iliyo nzito bado haijathibitisha kitu.

Namba ya kuangalia ni ile ndogo

Namba kubwa ya mAh iliyo mbele hupimwa kwa volti za betri yenyewe, ambazo ni 3.7. Tundu la USB hutoa volti 5 au zaidi. Katika kupandisha volti, mAh hupungua, na sehemu nyingine hupotea kama joto. Pawabenki ya kweli ya 10000 mAh itatoa kama 6000 hadi 6500 kwa volti 5, na huo si wizi, ni umeme unavyofanya kazi. Watengenezaji waaminifu huandika kiasi hicho kwa maandishi madogo nyuma au ubavuni, karibu na neno la Kiingereza "rated". Ukikuta namba kubwa peke yake na hakuna ile ndogo, irudishe.

Kipimo kinachoeleweka zaidi ni wati-saa, alama yake Wh. Zidisha 3.7 kwa mAh, gawa kwa 1000. 10000 mAh ni 37 Wh, 20000 mAh ni 74 Wh. Simu nyingi za sasa zina betri ya 5000 mAh, ambayo ni kama 19 Wh, na laptopu nyepesi za wanafunzi huwa kati ya 40 na 60 Wh. Ukishajua namba hizi, muuzaji hawezi kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa nizipange, kuanzia ile ningekununulia wewe kama ungenipa hela yako mkononi.

Ya kwanza: 10000 mAh, USB-C inayoingiza na kutoa, wati 20 au zaidi

Hii ndiyo ya wengi, na sioni haya kusema hivyo bila kuzungukazunguka. Uzito wake ni kama gramu 200, inaingia mfuko wa suruali, na inaijaza simu ya kawaida mara moja na nusu. Kwa safari ya siku nzima inatosha, hata ukisikiliza muziki njia yote.

Watu huangalia inatoa wati ngapi, wanasahau kuuliza inaingiza wati ngapi. Kwa mwanafunzi la pili lina uzito zaidi. Wewe soketi unaipata kwa saa mbili tu, mwenzako akienda kula. Pawabenki inayoingiza wati 18 au 20 kwa USB-C hujaa kwa saa tatu hivi, kwa hiyo kwa saa mbili zako umepata sehemu kubwa. Ile ya zamani yenye tundu la micro-USB na wati 10 itakudai saa tano au sita, na saa hizo huna. Tena ile micro-USB hulegea: baada ya mwaka utaanza kuegemeza waya kwenye kitabu ili ushike.

Angalia pia kama ina hali ya mkondo mdogo, ile unayoiwasha kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia. Bila hiyo, ukichomeka vifaa vya masikioni au saa, pawabenki hudhani hakuna kitu na hujizima baada ya nusu dakika. Nimemwona mwenzangu akirudisha dukani pawabenki nzima kabisa kwa sababu ya jambo hili, akidhani ni mbovu.

Ya pili: 20000 mAh yenye wati 45 hadi 65

Kama unaandikia kazi zako kwenye laptopu na laptopu yako inachajiwa kwa USB-C, hii inarukia nafasi ya kwanza. Imekaa ya pili kwa sababu si kila mtu yuko hivyo, na kwa sababu ya uzito: gramu 350 hadi 450, na ukiongeza vitabu bega litakwambia.

74 Wh zikishatolewa ushuru wa joto hubaki kama 60. Hizo zinaijaza laptopu ndogo mara moja, au simu mara tatu. Ila hapa ndipo hela nyingi hupotea bure, kwa hiyo nenda taratibu nami. Geuza chaja ya laptopu yako usome maandishi ya chini. Ukiona 20V na 3.25A, zidisha: wati 65. Pawabenki ya wati 22.5 kwa kawaida haitaiamsha laptopu hiyo, hata ingekuwa na mAh laki moja. Kinachotakiwa ni mfumo wa USB Power Delivery, kwa kifupi PD, ambao pawabenki na kifaa huulizana kwanza volti ngapi zitumike kabla umeme haujapita. Na kama laptopu yako huchajiwa kwa plagi ya duara, tundu lake la USB-C huenda ni la kupitishia data tu. Jaribu kwanza kwa chaja ya rafiki kabla hujatoa hela.

Halafu kuna waya. Waya wa kawaida wa USB-C hupitisha ampea 3, yaani mwisho wati 60. Ukitaka zaidi lazima uwe wa ampea 5, ambao una chipu ndogo ndani ya kichwa chake. Nilishawahi kukaa siku tatu nikiilaumu pawabenki iliyokuwa inachaji laptopu kwa kusuasua, kumbe waya niliokuwa nao ulitoka kwenye boksi la spika.

Wanaosafiri kwa ndege: pawabenki hupanda nawe kwenye mkoba wa mkononi, haiwekwi kamwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni 100 Wh. 20000 mAh ipo ndani ya kikomo hicho. Ile ya 30000 ya kweli ni 111 Wh, tayari imevuka. Hakikisha maandishi ya Wh kwenye ganda hayajafutika, maana afisa wa usalama anasoma hapo, na shirika linaweza kuwa na masharti yake ya kuitumia mkiwa angani.

Ya tatu: za lithiamu-chuma-fosfeti

Huandikwa LiFePO4 au LFP. Ni nzito na pana kuliko nyingine za uwezo uleule, na volti zake ni 3.2, kwa hiyo hesabu ya Wh inashuka kidogo. Faida yake ni umri: lithiamu ya kawaida huanza kuchoka baada ya kuijaza mara 300 hadi 500, hii huvuka 2000. Pia ni ngumu zaidi kushika moto. Kwa safari siipendekezi. Kwa chumba ambacho umeme hukatika kila jioni na wewe una miaka mitatu ya masomo mbele yako, ningeifikiria kabla ya zote.

Ya nne: ndogo za 5000 mAh, zikiwemo za sumaku

Zinapendeza, na zile za sumaku zinazoshika mgongoni mwa simu huacha mkono huru. Lakini chaji isiyo ya waya hupoteza umeme mwingi kwa joto. Kati ya 18.5 Wh zilizomo, simu itaambulia kama nusu hivi, na yenyewe itapata moto mfukoni. Ukiinunua, chagua yenye tundu la USB-C pia ili uwe na njia ya waya. Nzuri kwa matembezi ya jioni.

Ya tano: zenye sola mgongoni

Hapa naandika kwa uchungu, kwa sababu wanaozinunua ni wale wanaozihitaji kwa dhati, wanaorudi nyumbani kusiko na umeme wa uhakika. Kipande cha sola chenye ukubwa wa kiganja hutoa wati moja, au mbili jua likiwa utosini. 74 Wh ukizigawa kwa wati moja na nusu unapata saa 50 za jua kali. Hiyo ni wiki nzima na zaidi, kila siku ukiigeuza ifuate jua. Na betri ya lithiamu haipendi joto, hivyo kile kinachoijaza ndicho kinachoizeesha. Kama unakwenda kusiko na umeme, nunua paneli ya kukunjua ya wati 20 au zaidi yenye tundu la USB, uichomeke kwenye pawabenki ya kawaida iliyokaa kivulini. Vitu viwili, lakini utachaji.

Dukani, kabla hujalipa

Nenda na simu yako ikiwa chini ya asilimia 50, kwa sababu simu iliyokaribia kujaa hupunguza mwendo wa kuchaji na hutaona tofauti. Nenda na waya wako. Chomeka, subiri iandike kwamba inachaji kwa kasi, iache dakika kumi uone imepanda ngapi. Kwa wati 20, simu ya kawaida hupanda karibu asilimia 10 hadi 15 kwa muda huo. Tikisa pawabenki sikioni: kusiwe na kitu kinachocheza. Pitisha kidole ubavuni, kusiwe na uvimbe. Iliyotumika usinunue, hata kwa mtu unayemwamini, kwa sababu uchovu wa betri hauonekani kwa macho.

Iliyovimba ikishakuwa mkononi mwako usiitoboe wala usiichaji tena. Itenge mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ipeleke wanakopokea betri chakavu.

Na kwa wanaoacha vifaa hosteli likizo nzima: chomoa kila kitu ukutani, na pawabenki unayoiacha iwe na chaji nusu. Ikiwa tupu kabisa kwa miezi miwili mitatu inaweza isiamke tena, na ikiwa imejaa pomoni kwenye chumba chenye joto huzeeka haraka.

Yangu ya sasa ni 10000 mAh, 37 Wh, gramu 212 nilizozipima mwenyewe siku niliyoinunua. Mtihani wangu wa mwisho ni Alhamisi asubuhi. Nimeshaijaza, nimeifunga waya wake kwa raba, na kwenye karatasi iliyo ndani ya mfuko wake nimeandika namba ya mjomba kwa kalamu.